Mfungwa aliyetengeneza ‘babu’ wa vibandiko vinavyolinda mali za kampuni

Siku hizi karani wa stoo hana haja ya kuzunguka na daftari akihesabu kiti kimoja kimoja. Anapita na mashine ya mkononi, na ndani ya dakika chache kompyuta inaonyesha kipi kipo na kipi hakipo. Kifaa cha ofisi kikipitishwa mlangoni bila ruhusa, kengele inalia.

Kazi hiyo hufanywa na vibandiko vya RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio. Vingi havina betri. Mashine inarusha mawimbi, kibandiko kinapata nguvu kutoka kwenye mawimbi hayo hayo, kisha kinarudisha namba yake.

Kumbe mmoja wa mababu wa teknolojia hiyo alitengenezwa na mfungwa.

Nyota wa New York

Leon Theremin alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1896. Karibu mwaka 1920 alibuni ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa: mpigaji anasogeza mikono tu hewani, karibu na antena. Mwaka 1922 alimwonyesha Lenin mwenyewe.

Mwaka 1927 alifika Marekani na New York ikampokea kama nyota. Huko alimuoa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi.

Kutoka jukwaani hadi gerezani

Mwaka 1938 alirudi Muungano wa Kisovieti, mkewe akabaki Marekani. Hawakuonana tena.

Mwaka uliofuata alikamatwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka minane. Alipelekwa Kolyma, eneo la baridi kali lililoua wafungwa wengi. Kilichomwokoa ni kichwa chake: serikali ilimhamishia kwenye gereza la wanasayansi, afanye kazi za siri.

Zawadi yenye masikio

Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Zawadi nzuri, ikatundikwa ukutani kwenye makazi ya balozi.

Ndani yake kulikuwa na kifaa cha Theremin. Hakikuwa na betri wala waya wa umeme, ndiyo maana kilikuwa kigumu kugundulika. Majasusi waliokuwa nje walikirushia mawimbi ya redio. Sauti za mazungumzo zilitikisa utando mwembamba ndani yake, na mawimbi yakarudi yamebeba maneno.

Mabalozi walibadilishana, nembo ikabaki palepale. Wamarekani walikigundua mwaka 1952, miaka saba baadaye. Mwaka 1960 walikianika mbele ya Umoja wa Mataifa.

Kutoka ujasusi hadi stoo

Theremin aliachiwa huru mwaka 1947 na kupewa Tuzo ya Stalin, lakini aliendelea kuwatumikia majasusi kwa miaka mingi.

Mwaka 1973, Mmarekani Mario Cardullo alipata hataza ya kibandiko kisicho na betri chenye kumbukumbu ndani. Hapo safari ya kuelekea stoo na maghala ikashika kasi.

Theremin alifariki Moscow mwaka 1993, akiwa na miaka 97. Kanuni aliyoitumia kuiba siri za balozi ndiyo leo inayozuia mali ya kampuni isiibiwe.