Maisha ya Marehemu Mchungaji William Jones, Mhunzi

Baada ya kuwasomea hesabu za mwaka, tumeona vyema kuwakumbusha habari za mtu mmoja aliyetutangulia. Wapitao Kengeleni, hapa Kisauni, huiona kengele ya Freretown, lakini si vijana wengi wamjuao Mchungaji William Henry Jones, mmojawapo wa wale waliovitia uhai vijiji vile.

Alizaliwa Myao, akatekwa angali mtoto, akauzwa. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikifukuza majahazi ya watumwa ziliwaokoa wengi wa namna yake, nao wakapelekwa Bombay. Huko Nasik, katika nyumba ya misheni ya CMS, watoto hao walisomeshwa na kufundishwa kazi za mikono. Jones akatoka humo akiwa mhunzi. Mtoto aliyekuwa amehesabiwa kuwa bidhaa sasa alikuwa fundi, awezaye kula jasho lake na kutunza nyumba yake.

Mwaka 1864 alirudi Afrika pamoja na mkewe, na mwenzake Ishmael Semler na mkewe, wakawekwa Rabai kwa Mzee Rebmann. Baada ya mapatano ya mwaka 1873 yaliyokataza biashara ya watumwa baharini, mji wa Freretown ulianzishwa mwaka 1875 ili kuwapokea walioachwa huru. Wageni hao walihitaji watu wa kuwaonyesha jinsi ya kujenga, kulima, kusoma na kuishi kwa amani. Kazi hiyo iliwaangukia sana Waafrika waliotoka Bombay.

Tarehe 31 Mei, 1885, Askofu Hannington aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwezi wa Julai askofu akafunga safari ya Uganda kwa njia ya Umasai, akamchukua Jones awe mwenzake. Walipofika kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, askofu alitangulia na watu hamsini, akamwachia Jones msafara uliobaki, watu wapatao mia moja na hamsini. Tarehe 29 Oktoba askofu akauawa katika nchi ya Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Hebu tumfikirie Jones katika siku zile. Alingoja habari, na habari alizoletewa na wachache waliookoka zilikuwa mbaya. Alikuwa mbali na pwani, chakula ni cha shida, na roho za watu wote zi mkononi mwake. Angeweza kujiokoa peke yake. Hakufanya hivyo; alingoja kadiri alivyoweza, akiwatumaini wengine kutokea, kisha akawaongoza wenziwe kurudi. Waliingia Rabai tarehe 4 Februari, 1886, nguo zimechakaa na miili imekonda, nyuma ya bendera ya buluu yenye neno Ikabodi kwa herufi nyeupe, maana yake utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai walitoka mbio, kila mmoja akimtafuta mumewe, na wengine hawakumpata.

Mtihani wa pili ulimkuta nyumbani. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai mwaka kwa mwaka. Kanuni ya misheni ilikuwa kutowapokea watoro, na mabwana wao walikuwa na sheria ya nchi upande wao. Lakini mtu aliyeuzwa mwenyewe atamfungiaje mlango mwenzake? Walipewa mahali, wakajenga, wakalima. Mwaka 1888 mabwana walikuja juu, ikahofiwa kwamba damu itamwagika. Ndipo Bwana Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alipopatana nao kuwalipa fidia. Na fedha hizo zikachangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, na CMS na rafiki zake. Tarehe 1 Januari, 1889, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, kila mtu kwa jina lake. Sisi tuandikao majina katika madaftari twajua uzito wa jina lililoandikwa.

Hatupendi kuficha kwamba Jones na wenziwe walikuwa na uchungu. Walifanya kazi kubwa, lakini mshahara wao na heshima yao havikulingana na vya wamisheni wa Ulaya, nao walilalamika waziwazi. Jones alikaa shemasi miaka kumi, akafanywa kasisi mwaka 1895. Alifariki mwaka 1904, miaka mitatu kabla hali ya utumwa haijaondolewa kisheria katika pwani ya Kenya.

Tumeyaandika haya kwa sababu chama kama chetu husimama juu ya mambo mawili aliyoyatenda mhunzi huyu: kutomwacha mwenzio njiani, na kutomfungia mlango aliyefika akiwa na shida. Mwanachama akiuliza ada yake yafanya kazi gani, na akumbuke msafara ule ulioingia Rabai.