Bibi Titi Mohamed na wanawake wa biashara ndogo

Katika miaka hii kumi tumeulizwa mara nyingi hapa Magoma vikao vya akina mama vina faida gani. Ndiyo maana tumeona tuweke humu maisha ya Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka minne tu. Alijulikana kwa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na vikundi vile havikuwa vya kucheza tu: akina mama walisaidiana humo kwenye harusi na misiba, kama sisi. Mwaka 1955 TANU ilipomtaka aandikishe wanawake, hakuanza na wasomi, maana walikuwa wachache. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, wauza vitumbua, wauza samaki na wapika pombe. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakachukua kadi. Wala si ajabu. Mama mwenye senti zake haombi mtu hela ya kadi, na waliokwisha kuaminiana kwenye michango hawahitaji kubembelezwa.

Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Halafu likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, tena kajenga kwa mkopo. Akaona bora aache uongozi. Hapa kikundini tunabishana mpaka leo. Wako wanaosema kiongozi lazima awe mfano. Mimi niliyezoea kushika daftari la marejesho najiuliza, mkopo ule angeulipa kwa nini kama si kwa kodi?

Mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 akaachiwa kwa msamaha. Aliishi kimya miaka mingi, wengi wakimkwepa, hadi zilipofika sherehe za miaka 30 ya Uhuru, 1991, ndipo magazeti yakamtaja tena kwa heshima.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000, huko Johannesburg. Wenzetu wanaokwenda Kariakoo kufuata bidhaa waitazame ile barabara kubwa ya pale Mnazi Mmoja: ina jina lake.