Sultani wa Taa na Maji

Sisi wa Embu na jirani zetu wa Meru tukitaja stima hukumbuka Kindaruma, bwawa la mto Tana lililofunguliwa mwaka 1968, na mengine yaliyolifuata hapo mtoni. Kumbe habari ya stima yetu yaanzia mbali, katika jumba la mfalme huko Unguja.

Seyyid Barghash bin Said alizaliwa mnamo 1837. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kakake, Sultani Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, ambako alikaa kama miaka miwili akiyatazama mambo ya mji mkubwa. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akatawala. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi, na 1873 akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Hapo mimi simpi sifa, kwa sababu alikubali baada ya kutishiwa na manowari za Waingereza, na utajiri wenyewe ulitokana na karafuu zilizolimwa na watumwa.

Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kusifika kwa taa zake za umeme. Wengi humkumbuka kwa taa. Mimi naona kubwa zaidi ni mifereji yake, maana alileta maji ya chemchemi hadi mjini, raia wakachota bure.

Alifariki mwaka 1888. Kampuni ya umeme ya Kenya husimulia kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta ya Sultani, na ndivyo umeme ulivyoanza mjini humo. Mashine ya mfalme ikawawashia wafanyabiashara!

Huku Mbeere maji ndiyo taa. Mvua ikikosekana mabwawa hupungua, na mwaka 2000 stima iligawanywa kwa zamu nchini kwa sababu ya ukame. Udongo unaomomonyoka mashambani nao huishia Masinga, ukala nafasi ya maji. Basi hata anayelima kando ya mto anaigusa stima ya Nairobi.

Nyaya kubwa hupita juu ya shamba letu, lakini haya nimeyaandika kwa koroboi. Nyanya aliponiuliza ati Sultani huyo angetuletea nini kwanza, nilimjibu maji. Akacheka sana, maana nilikuwa nimebeba mtungi kutoka mtoni.