REBMANN, MZUNGU ALIYEONA THELUJI AKACHEKWA

Je, umewahi kusadikiwa uongo ilhali umesema kweli? Basi nisikilize nikusimulie habari za Johannes Rebmann, ambaye njia yake ilipita papa hapa kwetu Taita.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, kwa wazazi wakulima. Mwaka 1846 alifika Mombasa akaungana na mmisionari Krapf kule Rabai. Mwaka uliofuata alifika Kasigau. Aprili 1848 akatoka tena Rabai pamoja na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, na wapagazi wachache. Mkononi alikuwa na mwavuli tu! Sisi hapa Voi hata kuokota kuni karibu na mbuga twaogopa ndovu.

Walipita Bura, na tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe kileleni mwa Kilimanjaro. Alipouliza ni nini, kiongozi wake alijibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, akaelewa papo hapo.

Habari zilipochapishwa mwaka 1849, wataalamu wa London walimcheka. Bwana mmoja, Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alishikilia kuwa theluji karibu na ikweta ni ndoto. Ubishi uliendelea hadi 1862, von der Decken alipoupanda mlima na theluji ikaanguka palipokuwa na hema lake.

Rebmann alibaki huku miaka 29. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Macho yake yalipofuka, akarudi kwao mwaka 1875 akiongozwa mkono. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876.

Ile theluji nayo inatoweka. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 ilikwisha kabla ya 2012. Na si theluji tu. Darasa letu lilipozuru msitu wa Ngangao, mwalimu alituonyesha kuvumwani, ile mimea laini ya kijani kama zulia juu ya magome. Haina mizizi ya kunywa maji ardhini, hunywa ukungu kwa majani yake. Kwa hivyo ukungu ukipungua, hiyo hukauka mapema, mti wenyewe ungali umesimama. Nje ya msitu, kwenye mikaratusi, tulitafuta kuvumwani tukachoka. Gome la mkaratusi hubambuka, sasa itashika wapi? Na maji ya mto Voi yanatoka huko huko milimani, ambako misitu ya asili imebaki vipande vipande kama Ngangao, Mbololo na Chawia.

Jioni tulipanda Vuria tuone alichoona Rebmann. Kilimanjaro ilijifunika nusu. Wengine wakasema ile nyeupe ni theluji, wengine wakasema ni wingu, kelele tupu! Mwalimu akatuambia tungoje ipae. Matatu tuliyokodi ikapiga honi kabla hatujajua.