Wilson Peter Kinyonga, mwasisi wa Simba Wanyika



Katika kijitabu cha mwaka huu nimepewa ukurasa wa maisha ya mtu maarufu aliyekwisha kututangulia. Nimemchagua mwanamuziki ambaye hakuzaliwa Zagayu wala Usukumani. Alizaliwa Tanga, akapata jina Kenya. Wengi wetu tumecheza nyimbo zake harusini bila kujua kwamba ni zake, na wengi zaidi tumecheza za vijana waliotoka mikononi mwake. Maisha yake yanatuhusu sisi tunaojenga kwa kuchangiana.

Wilson Peter Kinyonga alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Mwaka 1966 yeye na ndugu yake George walijiunga na Jamhuri Jazz Band ya Tanga, mojawapo ya bendi zilizoupa mji ule sifa ya muziki wa dansi. Huko walijifunza kazi kama fundi mwashi anavyojifunza: unasimama nyuma ya wakubwa, unasikiliza, unaachiwa kipande chako, na siku moja unakabidhiwa ukuta mzima.

Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, wakapiga katika Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka, wakaingia Mombasa. Hapo ndipo ilipozaliwa Simba Wanyika. Jina hilo sisi wa Itilima na Bariadi hatuhitaji kutafsiriwa. Tunapakana na pori la akiba la Maswa, na wazee wetu wanaijua sauti ya simba wa nyika usiku, mifugo ikiwa zizini. Vijana wa Tanga walijiita hivyo wakiwa ugenini, hawana shamba wala ukoo wa karibu, mtaji wao ukiwa magitaa na lugha ya Kiswahili.

Mwaka 1975 bendi ilihamia Nairobi. Wakati huo Nairobi ndiyo iliyokuwa na studio, viwanda vya santuri na kumbi za kulipa, na wanamuziki wa Tanzania na wa Kongo walikuwa wakimiminika huko. Simba Wanyika walishika nafasi yao kwa mtindo usio na haraka. Gitaa la solo lilisimulia, la rizimu likajibu bila kuchoka, besi ikatembea chini yake, na sauti za waimbaji zikapanda pamoja kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka. Wimbo ulianza taratibu, maneno yakaisha, kisha magitaa yakashika usukani na watu wakainuka kwenye viti.

Sasa tufike mwaka 1978, maana hapo ndipo maisha ya Wilson yalipogawanyika.

Mwaka huo kundi la wanamuziki wake muhimu lilijitoa kwa pamoja. Miongoni mwao alikuwa Omar Shabani, ambaye wapenzi wa muziki walimwita Profesa kwa jinsi alivyolipiga gitaa la rizimu. Waliondoka pia Tommy Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu. Anayejua bendi ataelewa uzito wa jambo hili. Mwimbaji akiondoka, mwingine huweza kujifunza maneno. Rizimu, besi na dramu vikiondoka siku moja, nyumba imebaki na paa lakini nguzo zimehama.

Waliohama wakaunda Les Wanyika. Walilibeba neno Wanyika kama kijana anayehama kwa baba yake lakini akaendelea kutumia jina la ukoo. John Ngereza, naye Mtanzania, alijiunga nao na baadaye akawa sura ya bendi ile. Kisha wakatoa Sina Makosa, wimbo uliokwenda Kenya nzima, ukarudi Tanzania, ukaingia Uganda, na hadi leo hakuna sherehe ya watu wazima inayokamilika bila huo. Zikafuata Paulina, Afro na nyingine. Jina la Wanyika lilizaa tena, kwa maana Issa Juma naye aliongoza kundi lake la Super Wanyika. Ilifika mahali msikilizaji wa kawaida akawa hajui tena ni Wanyika yupi anayeimba, na wapo hata leo wanaodhani kwamba Sina Makosa ni ya Simba Wanyika. Yule aliyelipanda jina akawa mmoja tu wa waliolitumia.

Pigo la pili lilitoka ndani ya nyumba. Mwaka 1980 George alianzisha bendi yake, Orchestra Jobiso. Lakini hapa ndugu hao walionyesha busara, kwani George aliendelea kurekodi pamoja na Simba Wanyika. Walitengana kikazi bila kuuvunja udugu.

Wilson angeweza kufunga duka, au kutumia miaka iliyobaki akidai haki ya jina. Alichofanya ni kutafuta wapigaji wengine, akawafundisha, akaendelea kutunga na kurekodi. Miaka ya 1980 ilitupa Simba Wanyika ya Haleluya, Shilingi na Sikujua Utabadilika, kazi ambazo hazioni aibu zikiwekwa kando ya Sina Makosa. Mwaka 1989 bendi ilizuru Ulaya, na albamu yao ya Pepea ilitolewa Uholanzi. Bendi iliyoachwa bila nguzo mwaka 1978 ilikuwa bado imesimama baada ya miaka kumi na moja.

George alifariki dunia mwezi Desemba 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikafa pamoja naye. Les Wanyika waliendelea, na umaarufu wao ukawa mkubwa kuliko wa mwalimu wao.

Nimeandika haya kwa sababu mbili, na zote zinahusu chama chetu.

Ya kwanza ni ya hesabu, ambayo ndiyo kazi yangu. Kila mhasibu anajua kwamba mwaka mpya wa fedha haufunguliwi na sifuri. Unaanza na salio lililotoka mwaka uliopita, na asiyeliandika salio hilo amedanganya, hata kama kila stakabadhi ya mwaka huu iko sawa. Sina Makosa ina salio la nyuma, nalo ni miaka saba ya Simba Wanyika. Nasi tukikutana kwenye harambee tunampigia makofi aliyetoa mabati, maana mabati yanang'aa na kila mtu anayaona. Waliosomba mchanga na mawe, waliofyatua tofali baada ya kuuza pamba, na waliotoa kipande cha shamba ili jengo lipate pa kukaa, hawatajwi. Napendekeza kwamba kabla ya kusoma orodha ya wachangiaji wa mwaka huu, tuwasome kwanza walioanza, wakiwemo marehemu. Kusoma majina ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Ya pili ni ngumu zaidi. Kila mara wenzetu wa mji fulani wanaposema wanataka kujikusanya wenyewe, huzuka maneno ya usaliti. Sisi tuliokulia kwenye ngoma za Bagika na Bagalu tunajua kwamba ushindani haukuua ngoma Usukumani. Ndio ulioikuza, kila upande ukijitahidi kuvuta watu kuliko mwingine. Mgawanyiko wa 1978 ulimuumiza Wilson, hilo halina ubishi. Hata hivyo uliwapa wasikilizaji bendi mbili nzuri mahali palipokuwa na moja. Zagayu ilikuwa Wilaya ya Bariadi na Mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ni Itilima na Mkoa wa Simiyu, na hakuna aliyeacha kuwa mtu wa Zagayu kwa sababu hiyo. Wanaotaka kuanzisha tawi waanzishe, ilimradi wafanye kama George: waendelee kurekodi pamoja nasi. Fedha zao zipite kwenye akaunti moja, zikaguliwe pamoja, na ripoti isomwe nyumbani.

Tunaobaki nasi tujifunze kwa Wilson. Nguzo zikihama, tutafute nguzo nyingine, tusizime muziki.

Mchango wako, mkubwa au mdogo, mpe mhazini na udai stakabadhi.