Clément Ader, Aliyegawa Sauti Moja kwa Vyumba Vingi

Msomaji aliyepita Ruiru na Thika tangu ile barabara kuu itokayo Nairobi ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ameyaona majumba yanavyoota huko kila uchao. Wenye majumba hayo, wakiwamo jamaa zetu wa pwani waliohamia bara kwa ajili ya kazi, hawatosheki tena na redio moja ya sebuleni. Fundi huitwa kabla ya plasta, akazika mabomba ya waya ukutani na kuacha matundu ya spika darini: Kurani isikike chumbani kwa bibi, taarabu jikoni, habari sebuleni, na kila chumba kiwe na kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Jambo jema hilo, kwani ugomvi wa redio umeondoa heshima katika nyumba nyingi. Walakini ni wachache wamjuao bwana aliyetangulia kuigawa sauti ya muziki kwa waya namna hiyo.

Clément Ader alizaliwa tarehe 2 Aprili 1841 mjini Muret, karibu na Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa seremala. Kijana akasomea uhandisi, akafanya kazi katika reli, kisha akaunda baiskeli zenye mipira magurudumuni wakati wenziwe wangali wakipanda za chuma tupu. Simu ilipowasili Paris, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha mwaka 1880.

Mwaka uliofuata palikuwa na Maonyesho makubwa ya Umeme mjini humo. Ader akaenda katika jumba la Opera, akapanga vipaza sauti mbele ya jukwaa, vingine kulia na vingine kushoto, akavuta waya kwa zaidi ya kilomita mbili hadi kwenye Maonyesho. Huko palitengwa vyumba vilivyotandikwa mazulia hata ukutani ili kelele za nje zisiingie. Watu walipanga foleni usiku, wakaingia kwa mafungu, kila mmoja akashika visikilizio viwili. Hapo ndipo penye ufundi hasa: sikio la kulia lilipata sauti ya upande mmoja wa jukwaa, la kushoto upande wa pili, na mtu aliyekaa kitini akitazama zulia alimjua mwimbaji anapotembea kutoka huku kwenda kule. Haya tuyaitayo leo stirio, mzee huyu aliyafanya miaka 50 kabla ya Mwingereza Alan Blumlein kuyaandikia hataza mwaka 1931.

Na alifanya hivyo bila amplifaya, maana chombo hicho kilikuwa hakijazaliwa. Sauti ikigawiwa wengi hunyong'onyea. Kwa hiyo aliweka vipaza vingi, kila kimoja kikahudumia wasikilizaji wachache tu. Mafundi wetu wa Ruiru wangefaa kulisikia hilo. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba kwenye tundu moja huwa omu 4, zikiwa nne huwa 2, na amplifaya isiyoundwa kwa mzigo huo huchemka hata ikaungua. Mwenye nyumba hulaumu mashine, na kosa ni la hesabu.

Mwandishi mkuu wa Ufaransa, Victor Hugo, akikaribia umri wa miaka 80, alikwenda kusikiliza pamoja na wajukuu zake nyumbani kwa waziri wa posta, Novemba 1881, na watoto wakafurahi mno. Mfalme Luís wa Ureno naye, mwaka 1884, aliposhindwa kuhudhuria opera alivutiwa waya hadi kasrini. Mwaka 1890 ikaundwa kampuni ya kuiuza huduma hiyo: majumbani kwa wenye kulipia, na mahotelini kwa mashine ya kutia sarafu, santimu 50 kwa dakika tano.

Mwenyewe Ader moyo wake ulikuwa umekwisha kuruka. Fedha za simu alizimwaga katika mashine ya mabawa kama ya popo, yenye injini ya mvuke. Tarehe 9 Oktoba 1890 iliinuka kiasi cha sentimita 20 juu ya ardhi, ikaenda mita 50 hivi. Ya mwaka 1897, aliyoigharimia wizara ya vita, ilishindwa katika majaribio ya Satory, na serikali ikafunga mkoba. Miaka tisa baadaye, ndugu wawili Wright walipokuwa wamekwisha kuruka, alidai kuwa siku ile aliruka mita 300. Madai hayo yamebishaniwa sana, nami naona yalimpunguzia sifa badala ya kumwongezea. Katika sauti hakuhitaji kudai lolote. Maelfu walikuwa wamesikia kwa masikio yao.

Alifariki mwaka 1925. Wafaransa hata leo huiita ndege kwa jina alilolibuni yeye, avion, na mashine yake ya 1897 imetundikwa katika jumba la makumbusho mjini Paris. Ile kampuni ya kusikiliza ilifungwa mwaka 1932, redio na santuri zilipoingia katika kila nyumba.