Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Boga

Siku hizi wakubwa wa sizyemu wanafundishwa namna ya kusindikiza wale wa mwaka wa kwanza, wenye wengine wanawaita mableu na kuwatuma kuchota maji sawa watumishi. Basi niliona tusome maisha ya mtu mmoja ambaye kazi hiyo aliijua sana, tena hapa karibu.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Singo, inchi ya Buganda. Alikuwa pacha, jina lake Waswa. Januari 1895 alibatizwa Apolo. Kivebulaya ni jina la watu: walimuona anavaa koti nyekundu ya askari juu ya kanzu, wakasema ni kitu kimetoka Ulaya.

Wakati ule katika Kanisa la Uganda ilipasa mutu ajue kusoma mbele ya kubatizwa. Walimu walikuwa kidogo, wasomaji wengi. Kwa hiyo mwenye kumaliza kurasa za kwanza alikaa chini pamoja na mwenye kuanza. Apolo mwenyewe alitumwa kufundisha Toro ule ule mwaka wa ubatizo wake. Kumbe hakungoja kuwa na diploma!

Mwisho wa 1896 alivuka Ruwenzori, ule mlima tunaouona kutoka upande wa Beni, akashuka mto Semliki, akafika Boga. Walimu wawili walimtangulia, wakashindwa, wakarudi. Mwami Tabaro hakupenda mafundisho yake, zaidi juu ya pombe na wanawake wengi. Apolo alipigwa, nyumba ikachomwa. Siku moja ndugu wa kike wa mwami aliangukia mkuki uliokuwa ndani ya majani ya kujengea, akafa. Apolo akafungwa, akapelekwa Fort Portal sawa muuaji. Walipomwachilia, alirudi kwa watu wale wale. Na huyo Tabaro, mwenye alimtesa, mwishowe alibatizwa Paulo. Mimi naona hiyo ni kazi ngumu kupita kujenga kanisa: kumfundisha mutu aliyekupiga.

Mwaka 1900 akawa shemasi, 1903 kasisi. Alifanya kazi miaka mingi Toro. Halafu mpaka ukakatwa na Boga ikabaki upande wa Wabelgiji. Akaomba kurudi huko, akakaa mpaka kufa.

Bibi yake alikufa mapema, hakuoa tena. Lakini nyumba yake haikuwa ya kimya, kwa sababu vijana walikaa mwake. Walisoma naye, walilima naye, walikula naye. Hakuwapa maneno tu. Walimtazama asubuhi mpaka jioni. Kisha aliwatuma, wangali vijana, kufundisha wengine vijijini. Hata porini kwa Wambuti, wenye watu wengi waliwazarau, alikwenda katika miaka ya 1920 na walimu wake wakaendelea kule.

Alikufa tarehe 30 Mei 1933, akazikwa Boga. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya diosezi ya kwanza ya Anglikana inchini mwetu. Mbele ya kufa aliagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, si mashariki sawa desturi, kwa sababu upande ule ndiko kulikuwa pori, na vijiji ambako mwalimu hajafika bado.